Marehemu Anatoka Shule Saa Kumi

Jino la tisa lilikuwa bado kwenye kibano, na nta ilikuwa bado laini, pale wiki iliyopita tulipomwacha Fundi na sauti ya mwanamke ikibisha kwenye mlango wa karakana yake.

“Hodi. Nimekuja kumwona marehemu.”

Fundi hakugeuka. Mpanga meno ya bandia hageuki nta ikiwa laini. Akigeuka jino linahama, na mwenye meno atajiuma shavu kila akila mpaka siku anaingia kaburini. Alilishikilia jino mahali pake, akahesabu mpaka kumi, akalipuliza. Ndipo akageuka.

Alikuwa dada yake, tumbo moja, ziwa moja. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na sita. Alisimama mlangoni na sanduku dogo la bluu, kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu ya safari.

“Karibu, dada.”

“Karibu ya wapi? Ya hapa, au ya makaburini?”

“Keti basi.”

“Nimeketi kwenye basi saa ishirini na mbili. Niache nisimame.”

Kama umekosa sura zilizopita, mambo ni haya. Dada alizaa binti bila mume. Mtoto alipofika miezi mitano, Dada akapata kazi za ndani nchi ya mbali, akamwacha mtoto kwa mdogo wake, huyu Fundi wetu, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na hana hata godoro la maana. Mtoto alipotimiza miaka miwili, Dada akaandika barua: nakuja kumchukua mwanangu. Fundi akajibu kwa barua ya mistari minne. Ilisema mtoto ameugua siku tatu, na kwamba wamemzika Jumapili.

Hakukuwa na ugonjwa, wala kaburi. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa anamwita Fundi mama, na mama huyo hakuwa tayari kumtoa.

Miaka kumi na minne ikapita. Kila mwaka, tarehe ile ile, simu ya Fundi ilipokea ujumbe mfupi kutoka kwa dada yake: “Leo ni siku ya mwanetu. Mwombee.” Na kila mwaka Fundi alijibu, “Amina.”

“Yuko wapi?” Dada aliuliza.

“Nani?”

“Usinichezee, we mtoto! Yuko wapi?”

“Shule. Anatoka saa kumi.”

Dada alitazama saa ya ukutani. Saa nane na robo. Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake.

“Marehemu anatoka shule saa kumi,” alisema. “Haya. Nimemsubiri Siku ya Kiyama, sembuse saa kumi.”

Akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya kazi, katikati ya makopo ya plasta na kadi zilizobandikwa meno ya bandia.

“Dakika kumi na moja,” alisema. “Nimezisikiliza njia nzima. Sasa sikiliza na wewe.”

Akabonyeza.

“Dada yangu mpenzi,” sauti ilisema, na Fundi akashtuka, maana ilikuwa sauti yake. “Nina neno na wewe, na usiogope. Mimi mwenyewe siogopi. Ajabu, eh? Siogopi kabisa. Mtoto yuko hai, dada. Yuko hai na ana mwanya kama wako. Nilikudanganya kwa sababu ulitaka kumchukua na mimi nilikuwa sina kitu kingine duniani. Nakuona ukilia. Nakuona hapa kama uko mbele yangu, na ninakupenda, wallahi ninakupenda. Njoo. Njoo umwone...”

“Izime,” Fundi alisema.

“Bado dakika tisa.”

“Izime, dada, nakuomba.”

Dada aliizima.

“Ulikuwa umelewa?”

“Sijalewa mimi. Nilikunywa dawa.”

“Dawa gani ya kumfanya mtu afufue maiti kwa simu?”

Fundi akaeleza, macho yake kwenye meza. Kwa mwaka mzima alikuwa anasaga meno usingizini mpaka magego mawili yakapasuka. Fundi meno mwenyewe, meno yake yanapasuka! Daktari akampeleka kliniki moja iliyokuwa inajaribu kidonge kipya kwa watu waliofungia jambo kifuani. Unameza, unajilaza kwenye kochi, mshauri anakaa kando yako. Baada ya nusu saa na kitu, hofu inatoka. Haikukimbizi, haikupigi, inatoka tu kama mgeni aliyeaga. Kila mtu unayemfikiria unamwona na uchungu wake, na unataka kumshika mkono.

“Mapokezi walichukua simu yangu,” Fundi alisema. “Ni sheria yao. Nikawapa ya mkononi. Hii ndogo ya karakana ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Sikuikumbuka mpaka nilipoihitaji.”

“Ukaenda nayo wapi?”

“Chooni.”

“Kwa hiyo mwanangu amefufukia chooni.”

“Dada...”

“Na baadaye? Ulipoamka ukampenda dada yako vile vile?”

Fundi alianza kupanga makopo ya plasta, na hilo likawa jibu. Msomaji, ukweli ni kwamba asubuhi yake aliamka moyo umekauka kama plasta kwenye bakuli. Alikumbuka kila neno. Upendo wenyewe haukuwepo. Palibaki alama yake tu, kama ukutani palipokuwa na picha. Siku nzima aliomba dada yake awe amebadilisha namba.

Dada alianza kutembea karakana, anagusa vitu. Akasimama mbele ya kazi iliyokuwa mezani, taya la juu la nta ya waridi lenye meno tisa, limefungwa kwenye taya la chuma la kujaribia mng’ato.

“Hili la nani?”

“Mzee mmoja. Aliendesha treni zamani. Anayataka Jumamosi.”

“Naye ana mwanya?”

“Mwanya gani? Hana.”

“Angalia.”

Fundi akaangalia. Kati ya meno mawili ya mbele alikuwa ameacha nafasi, upana wa punje ya mchele. Alikuwa ameyapanga yale mawili asubuhi, mikono inafanya kazi, akili iko kwenye kituo cha mabasi. Miaka ishirini katika ufundi huu hajapata kuacha mwanya usioagizwa. Kwao mwanya alikuwa nao mama yao, akawa nao Dada, akawa nao Binti. Yeye alikosa.

“Watu wakimuuliza ameutoa kwa nani, unawaambiaje?” Dada aliuliza.

“Kwa bibi yake.”

“Unapita juu yangu kama daraja!” Dada alipiga meza, kadi moja ya meno ikaanguka. “Jino lake la kwanza lilitoka lini?”

“Miezi saba. La chini, upande wa kulia.”

“Alitembea lini?”

“Mwaka na wiki mbili.”

“Sikiliza hapo! Unayajua yote. Mimi siku hiyo ya mwaka na wiki mbili nilikuwa nafua mashuka ya watu. Sikuzaa tena, unajua? Niliogopa. Nilisema, mimi nikizaa wanakufa.”

Fundi aliokota kadi, akaipangusa.

“Unataka nini, dada?”

“Akiingia namwambia. Mimi ndiye mama yako, na huyu amekuzika ukiwa hai. Basi linarudi saa kumi na mbili. Nimekata tiketi mbili.”

“Ana mtihani wiki ijayo.”

“Hata mimi nina mtihani. Wa miaka kumi na minne.”

“Hakujui. Utamtisha.”

Hilo lilimpata. Dada aligeuka, na mbele yake kulikuwa na kile kioo wanachopewa wateja kutazamia meno mapya. Akajiona. Msomaji, ulikuwa uso wa mtu aliyekuja kuvunja nyumba. Midomo imekaza, mishipa ya shingo imesimama. Akayashika mashavu kwa mikono miwili kana kwamba anaweza kuibandua sura ile.

“Aione hii?” alisema, na sauti yake ikashuka. “Mara ya kwanza kuniona, aione sura hii? Najaribu kuilegeza tangu stendi. Haitoki. Nikikutazama wewe ndiyo inakaza zaidi.”

Taa ya spiriti ilikuwa inawaka mezani.

“Hicho kidonge,” Dada alisema. “Kimebaki?”

Hapo Fundi angeweza kusema hakuna. Neno moja tu, na labda mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini kilikuwepo. Kule kliniki, baada ya saa moja na nusu, walimpa kidonge cha pili, nusu ya kile cha kwanza. Alikuwa kwenye raha ambayo hajapata kuionja maishani, akafanya kama mtoto mwenye peremende ya mwisho: akajifanya amemeza, akakificha kiganjani. Nyumbani akakiviringishia nta ya waridi, akakitia kwenye droo ya magego.

“Kimoja,” alisema.

“Nipe.”

“Dada, si kitu cha kuchezea.”

“Nani anacheza? Wewe kimekufungua mdomo. Mimi kinilegeze uso, basi. Nimwone mwanangu bila chuki, nusu saa tu. Kisha nitaendelea kukuchukia, usijali.”

Kulikuwa na sharti moja la kliniki, lililobandikwa hata ukutani. Baada ya kidonge, siku mbili nzima: usipige simu, usitie saini, usimwahidi mtu kitu. Mshauri aliwaeleza kwa upole kwamba moyo ukishafunguliwa hivyo humpa kila mtu kila anachoomba, na asubuhi ndipo huulizwa nani kakubali.

Fundi alifungua mdomo amwambie dada yake sharti hilo. Akaufunga.

Umwonee huruma au usimwonee, hiyo ni juu yako. Lakini ujue kwamba alikumbuka.

Akavunja nta kwa kucha, akatoa kidonge, akamimina maji kwenye glasi. Dada alimeza, akashusha sanduku, akaketi juu yake kwa sababu hakutaka kiti cha nyumba ile. Saa nane na dakika thelathini na tano.

Fundi alipasha kisu, akayang’oa yale meno mawili ya mbele na kuanza kuyapanga upya, bila mwanya. Kila akisogeza, nafasi ilirudi.

Saa tisa na dakika kumi na tano alisikia mlio mdogo anaoujua vizuri. Dada alikuwa anasogeza taya, kushoto, kulia, kama mtu anayejaribu meno mapya. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka. Na uso, ule uso wa kuvunja nyumba, ulikuwa umelegea kama nguo iliyotolewa kwenye kamba.

“Mdogo wangu,” Dada alisema.

Hakuwa amemwita hivyo tangu aingie.

“Naam, dada.”

“Ulikuwa na miaka ishirini na miwili tu.”

“Ndiyo.”

“Mtoto analia usiku, huna mtu. Barua yangu inakuja: namchukua. Kama mzigo niliouacha stendi. Sikuandika hata asante. Mbona sikuandika asante?” Akainuka, akaja, akaishika mikono ya Fundi, nta na yote. “Lazima uliogopa sana. Hofu yako naiona, iko hapa, kwenye vidole. Masikini ya Mungu. Ukakaa na uongo ule peke yako miaka yote hiyo, na mimi nakutumia ujumbe wa kuomboleza. Lazima ulikuwa unakuchoma.”

“Ulinichoma,” Fundi alisema, maana ilikuwa kweli na hakuna aliyewahi kumwambia.

“Nimekusamehe.”

“Dada, usi...”

“Nimekusamehe kabisa. Wala sitamwambia mtoto. Nitasema mimi ni shangazi, rafiki, muuza vitambaa, chochote. Nitamtazama anakula, kisha niondoke. Ni wako. Umemlea wewe. Nakuachia.”

Lile alilolililia Fundi miaka kumi na minne lilikuwa limewekwa mkononi mwake, bure, kwa tabasamu. Na yeye, peke yake katika chumba kile, alijua thamani yake. Aliijua ladha ya upendo ule. Alijua kesho asubuhi dada yake ataamka na nini.

Alichomoa mikono yake taratibu. Akavuta kadi ya kazi, ile ya kuandikia rangi ya meno na vipimo vya taya. Akaigeuza upande mweupe.

“Andika basi, dada,” alisema. “Ili moyo wangu utulie.”

“Niandike nini?”

“Hayo hayo uliyosema.”

“Lete kalamu!” Dada alifurahi kama aliyeombwa aandike wimbo. “Unajua mwandiko wangu ulikuwa mzuri shuleni? ‘Mimi, mama mzazi...’ Unasemaje baada ya hapo?”

“‘Sitamdai mtoto wala kumfuata.’”

“‘Sitamdai mtoto wala kumfuata.’ Inasikika kali. Niongeze ‘kwa upendo’?”

“Ongeza.”

“‘Kwa upendo. Namwacha kwa mdogo wangu kwa hiari yangu.’ Na hapa?”

“Saini. Na tarehe. Chini yake ni pa shahidi.”

Dada akatia saini, akaweka na ua dogo pembeni mwa jina lake, kama wasichana wanavyofanya.

Mlango ulikuwa haujafungwa tangu alipoingia na sanduku lake. Sasa ukasukumwa.

Binti alikuwa na sare ya shule na begi begani. Miaka kumi na sita, mrefu, mwanya ule ule. Saa ilikuwa kumi kasorobo. Siku hiyo waliachiwa mapema. Fundi aliificha kadi chini ya kiganja. Kiganja hakikutosha.

Binti alimtazama mgeni kwa muda mrefu, kuanzia kitambaa cheusi mpaka viatu.

“Shikamoo, mama,” alisema.

“Marahaba, mwanangu,” Dada aliitikia kabla hajafikiri, na machozi yakamshuka huku anatabasamu.

Kisha Binti akageukia upande wa pili wa meza, kwa mwanamke aliyemnyonyesha chupa, aliyemfunza kutembea akiwa na mwaka na wiki mbili.

“Shikamoo, mama mdogo.”

Fundi hakuitikia.

“Umesimama hapo tangu lini?” aliuliza mwishowe.

“Tangu aliposema ananiacha.”

“Mwanangu, njoo,” Dada alisema, mikono amenyoosha. “Njoo nikushike. Nakupenda sana. Nawapenda nyote wawili.”

“Unanipenda huku unaandika kuniacha?”

“Ndiyo. Ni kwa sababu nakupenda.”

Alikuwa anasema kweli, msomaji, na hicho ndicho kilichofanya ionekane kama kejeli. Tabasamu halikumtoka. Angepigwa kofi lisingemtoka.

“Muone anavyocheka,” Binti alisema polepole. “Ananigawa, na anacheka.”

Fundi alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: Huyu amekunywa dawa, nimempa mimi. Ingemwokoa dada yake pale pale. Ingemrudishia mtoto mama yake, na kadi ile ingekuwa takataka. Aliipima sentensi hiyo kama anavyopima kila kitu, kwa utaratibu, mbele na nyuma. Akaimeza.

Binti alikuja mezani. Akaiondoa kadi chini ya kiganja, akaisoma mpaka kwenye lile ua.

“Pa shahidi hapajajazwa,” alisema.

“Mwanangu, acha,” Fundi alisema.

“Nani mwanao?”

Akachukua kalamu. Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kwa mwandiko wa mtu anayejaza karatasi ya mtihani. Akatia saini, akairudisha kadi mahali pake.

“Nalala kwa mwenzangu wa shule. Kesho saa nne nitakuja kuchukua nguo zangu. Mkiwa bado mna neno mlilobakiza, mliseme mbele yangu, si nyuma ya mlango.”

“Utakwenda wapi na nguo?” Fundi aliuliza.

Alishatoka. Visigino vyake vilisikika kwenye kokoto, kisha havikusikika.

Fundi alitazama kazi yake. Nta ilikuwa imepoa vibaya. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameinama upande, na matano hayajatoka hata kwenye kadi yao. Alifunika taya lote kwa kitambaa kibichi, akazima taa ya spiriti. Mikono ile isingepanga jino lolote leo.

Kadi yenye saini mbili akaiweka kwenye mfuko wa aproni.

“Amekasirika,” Dada alisema, mwepesi, ameegemeza kichwa kwenye bega la mdogo wake. “Atapoa. Kesho nitamweleza, ataelewa. Moyo wangu umekuwa mweupe, mdogo wangu, sijui nilikuwa nimeubeba wapi ule uchafu wote. Hii hali inabaki, siyo? Kesho nitaamka hivi hivi?”

Fundi alimpapasa mgongo, polepole, kama anayebembeleza mtoto.

“Inabaki, dada,” alisema. “Utaamka hivi hivi.”